Orodha ya abiria wa MV Bukoba na kesi ya New York

Hapa Mwanza, Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, ni makaburi ya Igoma walikozikwa waliokufa. Kwa wapelelezi wa Marekani, siku hiyo pia ndiyo alipokufa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Naye alizama na meli hiyo.

Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa, inayotajwa kuwa zaidi ya 800, ni makadirio tu.

Pengo hilo liliwasumbua hata al-Qaeda. Ilibidi Wadih el-Hage, raia wa Marekani aliyekuwa akiishi Nairobi, na Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro waje Mwanza kuhakikisha kama kweli kamanda wao amekufa maji.

Agosti 1997 nyumba ya el-Hage ilipekuliwa na polisi wa Kenya wakiwa na maofisa wa Marekani. Kwenye kompyuta iliyochukuliwa kulikuwa na barua inayokitaja kikundi chao cha Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akahojiwa New York, chini ya kiapo, mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama. Waendesha mashtaka wa Marekani huitumia sana njia hii: hata kama ushahidi wa njama haujatimia, ukidanganya, uongo wenyewe ni kosa. Mwaka 2001 alitiwa hatiani kwa njama na kwa uongo huo, akafungwa maisha.

Lakini barua ilikuwa mikononi mwa Wamarekani karibu mwaka mzima kabla ya Agosti 7, 1998, siku balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zilipolipuliwa na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwangu hilo ni zito kuliko hukumu yoyote.

Na ziwani kwetu? Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, mkatisha tiketi alikufa, na kumbukumbu za tiketi zikapotea majini. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unaohusu meli za baharini, unataka abiria wote wahesabiwe kabla ya kuondoka na taarifa zao zibaki nchi kavu. Hakuna kinachozuia vivuko vyetu kufanya vivyo hivyo. Liandikwe jina la kila abiria kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yake, gati alikopandia na simu ya ndugu, kwa madaraja yote. Hesabu ifungwe kabla kamba hazijafunguliwa. Atakayechelewa asubiri safari nyingine, maana jina moja likirukwa kwa huruma, orodha nzima haiaminiki tena. Nakala akabidhiwe mtu wa gatini asiyesafiri. Na mtoto aliyebebwa mgongoni aandikwe kwa jina lake, hata kama hakukatiwa tiketi.