Siku ya kumi na sita

Machi 2019, joto la kabla ya masika limeshika Dar es Salaam, wifi yangu alinipigia simu saa mbili usiku niende kwake Mwananyamala. Alikuwa na siku kumi na sita tangu anyanyuliwe matiti kwa upasuaji. Nilipofika hakunisalimia. "Wifi, wameniharibu. Moja liko Posta, jingine Mbagala."

Nilibeba glavu, gozi, kipimajoto na futi ya fundi cherehani. Futi hutolewa mwisho. Kwanza unatafuta yale yasiyosubiri kukuche. Titi likivimba ghafla upande mmoja, likakaza na kuuma kuliko jana yake, damu inavilia ndani. Hilo hutokea zaidi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, na dawa yake ni kurudi hospitali usiku huohuo. Maji huja taratibu zaidi, siku kadhaa baadaye, na ukigonga titi kwa kidole unayasikia yakicheza. Chuchu ikipoa na kugeuka rangi, damu haiifikii vizuri. Kuhusu usaha, tulifundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Unatafuta ngozi inayong'aa na kuvutika, kisha unapitisha mgongo wa kiganja titi hili na lile ulinganishe joto.

Kipimajoto kilisoma 37.0. Chuchu zote mbili zilikuwa na joto. Titi la kulia lilikuwa limejaa upande wa kwapani, lakini laini, kama unga wa chapati uliolazwa. Nikapumua.

Nikamsimamisha ukutani, visigino, makalio na mabega yote mawili yaguse ukuta, mikono ining'inie. Hapohapo karibu nusu ya tofauti ikatoweka. Wiki mbili nzima alikuwa akijitazama kwenye kioo cha bafuni huku ameshusha bega la kulia na kulipeleka mbele, kulilinda lisiume. Bega likishuka, titi hushuka nalo.

Ndipo futi ikatoka. Kutoka shimo la koo hadi chuchu, kushoto sentimita 20.5, kulia 21.5. Kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini, kushoto 7, kulia 7.5. Nilimwonyesha sentimita moja kwenye futi akabisha, akasema yeye anaona vidole vitatu. Nikamwambia afungue picha alizopigwa kabla ya upasuaji. Titi la kulia lilikuwa kubwa na la chini tangu zamani. Ndilo watoto wote wawili walilolipenda. Kwa hiyo daktari aliondoa ngozi nyingi zaidi kulia, na palipokatwa zaidi huvimba zaidi na kuchelewa kupungua. Tena titi lililonyanyuliwa huwekwa juu kupita kiasi kwa makusudi: juu linajaa, chini linakuwa bapa, na kwa wiki na miezi linateremka hadi lipate umbo. Matiti mawili hayateremki kwa mwendo mmoja. Hili angepaswa kuambiwa kabla ya kuruhusiwa. Karatasi aliyopewa ilikuwa na orodha ya vidonge tu.

Nikauliza kuhusu kazi za nyumbani. Ndoo hajagusa, kufagia hajafagia. Halafu, kwa sauti ndogo: "Nazi mbili tu, Jumapili." Amekaa kwenye mbuzi, amekuna nazi mbili kwa mkono wa kulia! Watu huogopa ndoo ya lita 20 kwa sababu uzito wake unajulikana, wakasahau kwamba kukuna nazi ni kusukuma na kuvuta mara mamia, na msuli unaofanya kazi hiyo umelala chini ya titi lenyewe. Kwa wiki sita kitu cha kubeba kisizidi kilo 2 au 3, na viwiko visipande juu ya mabega.

Kosa la pili lilikuwa sidiria. Ile ya hospitali ilimchosha kwa joto, akavaa ya zamani yenye waya, na waya ukakaa juu ya mshono wenyewe. Zaidi ya hapo alikuwa amefupisha mkanda wa kulia ili "kulipandisha" titi. Unachopata ni kubana upande mmoja na ngozi kukwaruzika. Tulimnunulia mbili zisizo na waya, za kufungia mbele, avae moja nyingine ikifuliwa, usiku na mchana.

Chini ya titi la kulia, mshono wa wima unapokutana na ule wa mkunjo, palikuwa pameachia karibu sentimita moja. Hapo ngozi huvutwa pande tatu na damu hufika kwa shida, ndiyo maana mshono ukiachia huanzia hapo. Kidonda hakikuwa na kina. Utando wa njano juu yake haukuwa usaha. Poda ya watoto aliyokuwa akipaka kukausha jasho ilikuwa imeganda ukingoni kama ukoko. Niliisafisha kwa maji ya chumvi ya dripu, bila spiriti, nikaweka gozi yenye vaselini isiyong'ang'ania, kisha gozi kavu. Pembeni ncha ya uzi ilichomoza kama mwiba wa dagaa. Alitaka kuivuta, nikamzuia mkono. Uzi wa namna hiyo hukatwa na daktari, ukivutwa unafungua jirani yake. Picha tukamtumia daktari usiku uleule, asubuhi akamwona, na kidonda kikafunga baada ya wiki tatu.

Vipimo tuliviandika kwenye daftari la shule la mwanawe, kila Ijumaa, ukuta uleule. Mwezi wa tatu uvimbe wa kwapani ulikuwa umekwisha. Mwezi wa sita tofauti ilibaki nusu sentimita, na kutoka chuchu hadi mkunjo ikawa 8 pande zote mbili. Kilichokataa kuondoka ni kipande cha ngozi kilichokunjamana mwisho wa kovu, upande wa kwapa la kulia. Hicho daktari alikataa kukigusa kabla ya mwaka kwisha, kovu likiwa bado gumu na linabadilika. Mwezi wa kumi na tatu alikikata kwa ganzi ya sindano, na wifi akarudi Mwananyamala kwa bajaji, pakiti mbili za tui zikiwa kwenye mkoba.