Mbayuwayu wa Jumatatu

Maneno ya Jumatatu bado yamenikaa kooni. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga juu ya nyaya za stima mbele ya ofisi, wale wanaoikimbia baridi ya Ulaya, na mgeni mmoja mzee wa Kiitaliano akanyoosha kidole: “Rondini!” Mkewe Mfaransa akaitikia, “Hirondelles!” Kwa furaha nikawaambia neno ni moja, mama yao Kilatini, hirundo. Mwenzangu wa zamu akanikata palepale.

“Dada, usiwatungie wageni hadithi. Moja laanza na r, jingine na h, na Wahispania wasema golondrina. Udugu uko wapi?”

Wageni wakacheka. Nami nikacheka.

Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya juu na Salma ameposwa, alhamdulillahi, lakini usiku narudia kicheko changu tu. Jibu nilikuwa nalo! Waitaliano wameangusha silabi ya kwanza, basi. Wareno wasema andorinha, Waromania rândunică. Yatamke polepole usikie: ile nd haijabanduka popote, r ndiyo inayohamahama, mara mbele yake, mara nyuma. Udugu ndio huo. Kwa nini sikusema?

Jana nikamsimulia Baba. Nikamwambia pia kwamba Wafaransa wa kale walimwita ndege huyu aronde, kabla ya hirondelle kupanda kutoka kusini mwa nchi yao, na kwamba aronde limebaki kwa maseremala: queue d'aronde, mkia wa mbayuwayu, yaani kile kiungo cha droo chenye meno yanayopanuka kwenye ncha. Waitaliano nao husema coda di rondine.

Baba hakusema kitu. Akainuka, akachomoa droo ya kabati la marehemu Bibi, akaigeuza ubavu, akapitisha ukucha wake kwenye meno yale, moja baada ya jingine. Vumbi likatoka.

“Nimeyakata miaka arubaini,” akasema. “Kumbe mbayuwayu.” Akalisema tena, taratibu, “Aronde,” na r yake ya Kimalindi ikanguruma vizuri kuliko yangu.

Leo asubuhi nimepita chini ya zile nyaya bila kuinamisha kichwa.

Fadhili hapokei simu tangu Alhamisi. Kule Doha alisema mkataba unaisha mwezi huu, na Mama ameanza kuniuliza kila baada ya swala.