Siku ya mfanyabiashara mdogo anayelipwa kwa simu

Saa 12 asubuhi, kabla ya kupanga bidhaa, simu ya biashara iwe imejaa chaji na salio la kuanzia liwe daftarini. Laini hii haichanganyiki na ya nyumbani, la sivyo jioni hutajua mauzo ni yapi na matumizi ni yapi. Kisha nakagua kibandiko cha QR, ile alama ya mraba ambayo wateja wanaiskani kwa simu ili kulipa. Mtu akibandika chake juu ya changu, hela za siku nzima zitaingia kwake. Naiskani kwa laini ya nyumbani na kujilipa kiasi kidogo; jina la biashara likitokea, nafungua.

Asubuhi inakwenda vizuri: wanaskani, wanaandika kiasi, wanaweka namba ya siri, inaingia.

Saa 6 mchana mtandao unaelemewa. Mteja ananyoosha simu: "Ona, nimeshatuma." Kwake imekatwa, kwangu haijafika. Hapa ndipo tunapoonekana wakaidi, na inaumiza, maana tunalinda mtaji. Picha ya skrini inaweza kuwa ya jana. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, na salio halisogei hata kidogo. Kwa hiyo siangalii ujumbe; naingia kwenye orodha ya miamala na kutafuta namba ya muamala wake, herufi kwa herufi. Muamala ukiwa bado haujakamilika, namwomba: "Mama, usitume tena kwanza." Akirudia, zinaweza kuingia zote mbili, na kurudishiwa moja ni safari ndefu. Naandika namba, saa na kiasi. Intaneti ikigoma kabisa, anayefuata anajaribu menyu ya nyota na reli. Haihitaji bando, ila akichelewa kuchagua inakatika na anaanza upya. Foleni inanuna, miguu inawaka moto, na bado kila malipo yanataka macho yaleyale ya asubuhi.

Kuna na wa kupiga simu: "Nimekosea kutuma, nirudishie." Simrudishii mwenyewe, suala hilo huenda kwa mtoa huduma. Msaidizi naye ana namba yake ya siri, inayoona malipo bila kuweza kutoa hela.

Jioni, daftari na orodha ya miamala vinalinganishwa mstari kwa mstari. Makato yana safu yake, vinginevyo hesabu itaonekana pungufu na msaidizi atashukiwa bure. Muamala wa mchana ukiwa bado haujaingia, naupigia mstari wa wino mwekundu, uwe wa kwanza kufuatiliwa kesho.