Yule mtoto wa sweta

Leo nimepita uchochoro tuliokuwa tumepanga zamani, nikamkumbuka yule binti. Aliletwa kutoka kijijini mama yake alipofariki, akae kwa mama yake mdogo. Kila alfajiri namkuta bombani na ndoo ya lita 20, sweta kalivuta mpaka vidoleni, na joto lile la Dar! Siku moja sweta likapanda mkononi. Alama ya pasi, mbichi kabisa. "Nimejiunguza, anti," akasema hata sijauliza.

Nilikaa kimya wiki 2 nzima. Niliogopa kuitwa mmbea. Kilichoninyanyua ni yule mtoto wa boksi wa Morogoro, 2014: miaka zaidi ya 3 kafichwa kwenye boksi nyumbani kwa mama yake mkubwa. Alipookolewa, mwili ulishachoka. Akafia Muhimbili.

Nikapiga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Mjumbe yeye alitaka "tuyamalize kifamilia" (sijui familia ipi). Siku ya tatu afisa ustawi wa jamii akaja, akamchukua.

Mama mdogo hanisalimii mpaka leo. Binti yuko kwa bibi yake, nasikia kaingia darasa la nne.