Wasiwasi baada ya kugundulika na siliaki: jinsi nilivyouwekea mipaka

Kilichoanza kunipunguzia wasiwasi hakikuwa mazoezi ya kupumua, kilikuwa vipimo vya damu. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba mtu akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mtu anapogundulika nao, mara nyingi utumbo wake mwembamba umekaa muda mrefu bila kufyonza chakula ipasavyo, na upungufu unaotokana na hali hiyo hufanana sana na hofu: moyo kwenda mbio akipanda ngazi, kizunguzungu, uchovu usioisha, usingizi wa mang'amung'amu. Mwombe daktari apime wingi wa damu, feritini (yaani akiba ya madini ya chuma), foleti, vitamini B12, vitamini D na TSH, homoni inayoonyesha jinsi tezi ya thairoidi inavyofanya kazi. Hiyo TSH isiachwe. Magonjwa ya tezi ya thairoidi yatokanayo na kinga kuushambulia mwili huwapata wenye siliaki zaidi kuliko watu wengine, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mitetemo, jasho na mapigo ya moyo ambayo hakuna ushauri nasaha utakaoyatuliza.

Ukipewa vidonge vya chuma, jua kwamba utumbo ambao haujapona hufyonza kidogo. Feritini ikipanda polepole si lazima iwe ishara kwamba unakula gluteni bila kujua.

Namba ya tTG-IgA, kingamwili ya kwenye damu inayopimwa kuutambua na kuufuatilia siliaki, nayo huzaa hofu yake. Ukishaacha gluteni hushuka kwa miezi, si kwa wiki, na aliyeanza na namba kubwa sana anaweza kupita mwaka kabla haijafika kiwango cha kawaida. Ratiba niliyoifuata ndiyo wanayoitumia madaktari wengi: kipimo baada ya miezi 6, kingine baada ya miezi 12, kisha mara moja kwa mwaka. Kupima kila mwezi hakukupi habari mpya, kunakupa tu tarehe nyingine ya kukosa usingizi. Tumia maabara ileile, maana kila aina ya kipimo ina kiwango chake cha juu, na 30 ya hapa si 30 ya pale. Kinachotazamwa ni mwelekeo. Kingamwili zikishuka hiyo ni dalili njema, ingawa kuta za utumbo kwa mtu mzima huchelewa zaidi kupona, mara nyingi zaidi ya mwaka.

Kwenye chakula, hesabu ilinifaa kuliko maneno ya kunitia moyo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo. Nusu kilo ya chakula kilichofika kwenye ukomo huo kabisa ina miligramu 10, kiasi ambacho wengi wenye siliaki hukistahimili kwa siku bila utumbo kuharibika. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni au zaidi, yaani miligramu 2,000. Kwa hiyo chembe ya mkate inayoonekana kwa macho ndani ya kopo la jamu ni jambo la kweli la kuepuka. Lakini meza iliyofutwa vizuri, mkono wa mtu aliyekula mkate kisha akanawa, au harufu ya mkate unaookwa, hivyo viondoe kwenye orodha ya hofu. (Unga mkavu unaopeperuka jikoni ni jambo jingine: ukivutwa puani unaishia kumezwa, basi toka hadi utulie.)

Gluteni si kijidudu. Moto hauiui, wala spiriti ya kusafishia mikono haiigusi, ila sabuni, maji na kusugua huiondoa. Ukilishika hilo, unajua pa kuweka nguvu zako. Sufuria na vijiko vya chuma vikioshwa vizuri vinatosha kwa wote nyumbani. Vinavyostahili kuwa vyako peke yako ni tosta, chujio la tambi, miiko na mbao za kukatia zenye nyufa, na makopo ya siagi au jamu ambamo watu huchovya visu. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vyenye unga wa ngano usiyatumie tena. Baada ya hapo kazi ya jikoni imekwisha. Kuosha tena sufuria safi ni wasiwasi unaojifanya tahadhari.

Lebo pia niliziwekea kikomo: nasoma mara moja wakati wa kununua na mara moja wakati wa kufungua, basi. Natafuta ngano, shayiri, rai na kimea. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, na bia ya kawaida kwa shayiri. Maneno “haina ngano” hayatoshi, kwa sababu shayiri inaweza kuwamo. Maltodekstrini na sharubati ya glukosi hazinisumbui hata zikitokana na ngano, kwa kuwa usindikaji huiondoa gluteni karibu yote. Ukijiona unarudi kusoma lebo mara ya tatu, chunguza kinachotokea: unapata nafuu ya dakika chache, kisha shaka inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Ndivyo mazoea ya kuhakiki yanavyojilisha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta wenye siliaki waliokuwa na tahadhari ya kupindukia wakiwa na ubora wa maisha wa chini kuliko wenzao.

Pagumu zaidi ni kula nje, na hapo ushauri wa “jiamini tu” haufai kitu. Nilipanda ngazi kwa ngazi. Kwanza ni kukaa na wenzako huku ukila chakula ulichobeba. Kisha kula kwa mtu anayekuelewa, akipika vitu visivyo na viungo vya paketi. Halafu mkahawa, saa ambayo hauna watu wengi, baada ya kupiga simu mapema. Kila ngazi irudiwe mpaka hofu ishuke hadi karibu nusu kabla ya kupanda nyingine. Watu wengi huruka ngazi, wanapata hofu kubwa, wanakimbia, na akili inajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikowaokoa.

Mkahawani usiulize “mna chakula kisicho na gluteni?” Jibu la haraka ni ndiyo, na halina maana. Uliza: mchuzi unafanywa mzito kwa kutumia kitu gani? Mafuta haya yamekaangiwa nini kingine? Chakula changu kitaandaliwa juu ya ubao gani, kwa kikaango gani? Mhudumu akienda jikoni kuuliza, hiyo ni alama nzuri. Akijibu papo hapo bila kufikiri, agiza kinywaji na ule baadaye. Uamuzi ukishatolewa, usiufungue tena chakula kikiwa mezani.

Ikitokea umekula gluteni kwa bahati mbaya, andika saa, chakula na kiasi unachokisia. Kunywa maji, kula mlo unaofuata kama kawaida, na usifunge siku nzima. Vidonge vya vimeng'enya vinavyonadiwa kwamba humeng'enya gluteni havijathibitishwa kumkinga mwenye siliaki. Tumbo likivurugika, subiri kabla ya kutafuta mchawi: hofu yenyewe huharisha na kujaza gesi, na utumbo ulioumia mara nyingi hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa. Weka safu ya maziwa na safu ya usingizi kwenye daftari lako la dalili, usiandike gluteni peke yake. Ila kinyesi chenye damu, kutapika kusikokoma au kukonda mfululizo havisubiri daftari, mwone daktari.

Kwa hofu inayopanda ghafla natumia pumzi: kuvuta kwa sekunde 4, kutoa kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Kwa ile inayozunguka kichwani siku nzima, nimetenga dakika 20 za jioni za kuandika maswali yote. Yenye majibu yanakwenda kwa mtaalamu wa lishe, yasiyo na majibu yanabaki kwenye karatasi. Kahawa niliipunguza pia.

Kupima maendeleo, kuna dodoso la GAD-7, maswali saba yenye alama 0 hadi 21. Ukipata 10 au zaidi, au ukiwa umebaki na vyakula vichache unavyothubutu kula, tafuta mwanasaikolojia anayetumia tiba ya kubadili fikra na mienendo. Mawazo ya kujidhuru yasisubiri miadi, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Limebaki la ndugu. Wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa nao wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kuwa na siliaki hata bila dalili, na wanapaswa kupimwa tTG-IgA pamoja na jumla ya IgA (wingi wa kingamwili zote za aina hiyo). Waendelee kula ngano kama kawaida hadi vipimo vyote vikamilike, kwani wakiiacha kabla, majibu yanaweza kuonyesha hawana ugonjwa ilhali wanao.