Tulivyozunguka vijiji vya Cotswolds kwa baiskeli bila kukimbizana na saa

Sisi watu wa Tanga baiskeli tunaijua tangu utotoni. Mji wetu ni tambarare, na mtu anakwenda sokoni, shuleni na msikitini kwa baiskeli bila kuona kwamba amefanya jambo. Mimi na mke wangu tulipoamua kuzunguka vijiji vya Cotswolds, magharibi ya Oxford huko Uingereza, kilichotutia wasiwasi ni vilima tu. Milima mirefu haipo kule. Cleeve Hill, penye kimo kuliko pote, ni mita 330. Lakini ardhi yote ni kupanda na kushuka. Unateremka bondeni hadi mtoni, unakikuta kijiji, na ukitaka kutoka lazima upande. Kijiji kinachofuata, vilevile. Huko ukipanga safari kwa kilomita peke yake utachoka vibaya. Cha kuhesabu ni mita za kupanda.

Basi nikanunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:50,000. Ina mistari ya mwinuko kila baada ya mita 10, na jioni nilikuwa nakaa nayo mezani nikihesabu kila barabara inakata mistari mingapi. Barabara yenye mwinuko wa asilimia 14 hadi 20 wameiwekea mshale mmoja, na inayozidi asilimia 20 mishale miwili. Mshale unaelekea upande wa mteremko. Ukishalijua hilo unaweza kugeuza safari nzima, ukaanzia upande ambao mishale mingi utaiteremka badala ya kuipanda. Penye mishale miwili nilipaacha kabisa, hata kama njia ilikuwa fupi, maana mteremko wa namna hiyo ukilowa mvua unazitesa breki.

Kila siku tuliipa kilomita 30 hadi 40, na jumla ya kupanda isizidi mita 500. Mtu wa mashindano atazimaliza hizo asubuhi tu. Sisi tulitaka zitutoshe siku nzima, tusimame kila panapotupendeza, na mwishoni mwa Juni jua la Uingereza linazama saa tatu u nusu usiku, kwa hiyo hakuna giza la kukukimbiza.

Baiskeli si lazima iwe ya bei kubwa, lakini gia ndiyo roho ya safari hii. Mbele, kwenye pedali, uwe na duara dogo la meno 30 au pungufu, na nyuma, kwenye gurudumu, kubwa la meno 34. Hapo unapanda ukiwa umekaa, miguu inazunguka taratibu, na magoti hayalalamiki. Badilisha gia kabla mlima haujaanza, kwa sababu ukiibadilisha katikati ya mwinuko huku umekandamiza pedali, mnyororo unakwama au unatoka. Kipimo chetu cha mwendo kilikuwa mazungumzo: tukishindwa kuzungumza, tunashuka na kusukuma. Mizigo tuliifunga kwenye keria ya nyuma, mikoba miwili pembeni, nguo za kubadili mara moja, makoti ya mvua, tyubu za akiba na pampu. Tyubu ni muhimu. Barabara ndogo za huko zimezungukwa na ua wa miti yenye miiba, na wakulima wanapoupunguza baada ya kiangazi, miiba inatapakaa barabarani na pancha zinakuwa nyingi. Ndiyo sababu moja ya sisi kuchagua Juni.

Siku hizi tunaishi Reading, magharibi ya London, na treni ya kwenda Moreton-in-Marsh inapita hapo ikitokea kituo cha Paddington, London. Nafasi ya baiskeli kwenye treni za njia hiyo unaiomba mapema pamoja na tiketi, bila kulipa zaidi. Ukishuka Moreton umeshafika. Dakika chache tu na uko kwenye barabara ya upana wa gari moja, kuelekea Blockley, kijiji kilichowahi kuwa na viwanda vya hariri vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji ya kijito, kisha Chipping Campden.

Pale Campden tulikaa kuliko nilivyopanga, na sikujali. Katikati ya mtaa mkuu kuna soko dogo la mawe lililojengwa mwaka 1627, wazi pande zote, chini ya matao, ambamo zamani watu waliuza siagi, jibini na kuku. Sakafu imelika kwa miaka karibu 400 ya viatu. Nilisogeza uso karibu na nguzo moja nikalitazama jiwe. Lina punje ndogo za mviringo zilizoshikamana, mithili ya mayai ya samaki. Ni chokaa iliyojikusanya chini ya bahari ya vuguvugu yenye kina kifupi, zama za Jurasiki, mamilioni ya miaka iliyopita, na rangi yake ya manjano imetokana na chuma kilichomo. Nikamwambia mke wangu, “Mama Salma, jiwe hili na lile la Mapango ya Amboni ni rika moja.” Naye akaja akalipapasa. Amboni nayo ni mawe ya chokaa ya zama hizohizo. Nilifurahi kupita kiasi. Umbali wote huo kutoka nyumbani, na bado nimeshika kitu ninachokijua.

Utajiri wa vijiji hivi ulitokana na kondoo. Enzi za kati sufu ya huku ilinunuliwa hadi Flanders, Ubelgiji ya leo, na Italia, na wafanyabiashara wakazitia fedha zao kwenye nyumba na makanisa. Katika kanisa la St James pale Campden kuna bamba la shaba la William Grevel, aliyefariki mwaka 1401, lililoandikwa kwa Kilatini kwamba alikuwa ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza yote. Kanisa kubwa kiasi kile, mji mdogo kiasi kile. Bila kujua habari za sufu huwezi kuelewa.

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa na kupanda kwenyewe, kutoka Campden hadi mnara wa Broadway, uliojengwa mwaka 1798 juu ya kilima cha mita 312. Tuliupanda asubuhi, miguu ikiwa mipya, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi, tukateremka Snowshill penye mashamba ya lavenda. Toka kijiji cha Ford nikafuata mbinu ninayomshauri kila mtu: fuata mto. Mto Windrush unapita Temple Guiting, Guiting Power, Naunton hadi Bourton-on-the-Water. Barabara haiko ukingoni muda wote, kuna vipandio vya hapa na pale, lakini kwa jumla unashuka na maji.

Kabla ya Naunton tulimkuta mzee mmoja anajenga upya ukuta wa shamba ulioporomoka. Kuta hizi hazina saruji wala udongo. Tulisimama kumsalimia, akatuonyesha kazi. Kuta ni mbili, zinainamiana kidogo kadiri zinavyopanda, katikati zimejazwa vijiwe, na kila baada ya nafasi linalazwa jiwe refu la kuzifunga pamoja. Kila jiwe lilale juu ya mawe mawili, ili ufa usishuke moja kwa moja. Juu kabisa mawe yanasimamishwa wima. Akasema jiwe ukishaliokota usilirudishe chini, litafutie mahali pake. Mke wangu alipewa moja, akalizungusha mkononi, akaliweka, likakaa. Mzee akaligonga kwa kiganja, akaliacha palepale.

Nilitaka sana kufika kijiji cha Upper Slaughter. Karibu kila kijiji cha Uingereza kina mnara wa majina ya waliokufa vitani, na mara nyingi unakuta jina la ukoo mmoja limerudiwa mara mbili au tatu. Upper Slaughter hakuna mnara huo. Wote waliokwenda Vita vya Kwanza vya Dunia walirudi, na wote waliokwenda vya Pili walirudi. Kwa mtu wa Tanga, mahali palipopiganwa Novemba 1914 na makaburi ya vita hiyo yako hadi leo, habari hiyo haipiti hivihivi. Tuliweka baiskeli kando, tukaswali adhuhuri kwenye nyasi.

Bourton yenyewe ni nzuri, na madaraja yake mafupi juu ya Windrush yanastahili sifa, ila mchana mabasi ya watalii yanaijaza. Fika baada ya saa kumi na moja jioni. Barabara ya A429, njia ya Warumi iliyonyooka, ina magari mengi na ya kasi. Sisi tuliivuka tu, hatukuifuata. Kwenye vijia ukikuta farasi, punguza mwendo na mwite mpanda farasi kwa sauti ya kawaida, ili mnyama ajue nyuma yake kuna mtu. Njia za farasi zinaruhusiwa kwa baiskeli tangu sheria ya mwaka 1968; zile za waenda kwa miguu peke yao hapana.

Kulala tulilala kwenye nyumba za wageni za familia, na kabla ya kulipa nilikuwa nauliza kama wana banda la kufungia baiskeli. Asiyekula nguruwe asiwe na shaka na kifungua kinywa chao: aseme mapema, ataletewa mayai, maharage, uyoga na nyanya, chakula cha kutosha kupandia. Mchana chai na skonzi zao, kwa malai mazito na jemu.

Stow-on-the-Wold iko juu, mita 240 hivi, na utokee upande wowote utapanda. Ndiyo maana tuliifanya kituo cha kulala usiku wa mwisho, ili asubuhi ianze kwa mteremko. Kurudi Moreton tulipita Broadwell na Evenlode, tukafika kituoni saa nzima kabla ya treni. Upande wa kusini, yaani Northleach, Bibury na Burford, tumeupangia Mei ijayo. Mama Salma ameshaanza kuhesabu mistari ya mwinuko.