Madam anapuliza mapovu

Majirani wananisikia alfajiri napuliza mapovu kwenye chupa yenye maji nusu, mrija mdomoni, huku natoa "uuuu" inapanda inashuka, nadhani washaanza kusema madam kachanganyikiwa na sina nguvu ya kuanza kuwaelezea.

Sauti ilianza kukwaruza kiangazi kilipoingia, na mnaoujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnalijua vumbi lake, basi nikasingizia vumbi. Daktari wa masikio, pua na koo akapitisha kakamera puani akanionyesha kwenye skrini, kamba mbili za sauti, na kila moja ina kinundu kadogo, vinatazamana. Akasema sio kansa wala hatukimbilii kupasua, nenda kwa mtu wa tiba ya sauti na matamshi. Mi nilijua hao ni wa watoto wanaochelewa kuongea na wazee waliopata kiharusi tu!

Dada wa tiba ni mdogo kwangu kabisa ila ana subira balaa. Eti mwanamke akiongea kawaida tu kamba zake zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, sekunde MOJA jamani, sasa chukua vipindi vya siku nzima, darasa limejaa hadi mlangoni, bati halina dari, upige hesabu mwenyewe. Mrija unasaidia kwa sababu maji yanarudisha presha kidogo kwa ndani, kwa hiyo kamba zinatikisika bila kubamizana. Na kule kujikoholesha "hhm hhm" kabla ya kuongea ndo kuzibamiza kwenyewe, ukisikia hamu meza mate au piga funda la maji. Hata kunong'ona kwa kujikamua hakupumzishi koo, hiyo ndo iliniacha hoi maana wiki nzima nilikuwa nanong'ona nikijiona najitunza.

Mama mkwe yeye ni tangawizi na limao, "kunywa mwanangu, litafunguka." Nakunywa, nani atamkatalia, ila unachomeza hakigusi kamba za sauti, kingekuwa kinazigusa tungepaliwa kila tukinywa chai.

Kinachoniuma ni chuo. Tulifundishwa azimio la kazi, andalio la somo, zana za kufundishia za maboksi, lakini koo hakuna aliyeligusa, na ndo tunalolifanyia kazi mpaka tustaafu. Halafu ukiongea taratibu stafu wanakuona mlegevu, kwamba mwalimu wa kweli anasikika mpaka uwanjani.

Sasa hivi darasani napiga makofi kwa mtindo fulani, watoto wanaitikia kwa makofi, kimya, ndo naongea nikiwa katikati yao sio ubaoni. Inafanya kazi mpaka kipindi cha baada ya uji, hapo hata makofi hayasikiki. Nimeona spika zile za kuning'iniza kiunoni wanazotangazia bei wauza nguo, nimemgusia mkuu akaguna tu. Mshahara ukitoka nainunua hivyo hivyo.